Gari Halivuti: Tuulize Kwanza, Spana Baadaye

Wahenga walinena kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Methali hii nimeifafanua mbele ya wanafunzi wangu kwa miaka mingi, nikavichambua viambishi rejeshi vyake kimoja baada ya kingine, wala haikunijia kamwe kwamba ipo siku ningeilipia karo gerejini. Siku hiyo ilifika mwaka jana. Namwomba msomaji anivumilie nikisimulia kisa cha gari langu, kwa kuwa nia yangu si kulilalamikia gari. Nia yangu ni kuzungumzia jinsi tunavyofundisha, na hasa jinsi tusivyofundisha kuuliza.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, nililolinunua likiwa limekwisha kutumika. Injini yake huyaendesha magurudumu yote manne wakati wote, bila dereva kuvuta wenzo wowote. Magari ya namna hii yamekuwa mengi katika sehemu za Ukambani, na kwa sababu njema. Mkazi wa Kitui au Makueni anajua kwamba safari moja huweza kuanzia kwenye lami, ikaingia kwenye changarawe, ikavuka mchanga wa mto mkavu, kisha ikaishia kwenye utelezi wa milima ya Kilungu au Mbooni mvua inaponyesha. Aidha, sifa za teknolojia hii tulizishuhudia Wakenya kwa macho yetu. Kampuni ya Audi ilizindua gari lake la Quattro mwaka 1980, na mwaka 1987 Hannu Mikkola akashinda mbio za Safari Rally akiendesha Audi ya magurudumu manne. Tangu hapo, anayetaka gari la kupita kila mahali hahitaji kuhubiriwa.

Siku ninayoizungumzia nilikuwa nikimpeleka shangazi yangu kutoka Kibwezi hadi mjini Kitui, ambako alikuwa na miadi na daktari. Barabara hiyo ya kupitia Ikutha na Mutomo zamani ilikuwa vumbi tupu. Siku hizi ni lami. Tulivuka mto Athi vizuri. Baada ya Ikutha nikaanza kuhisi gari limekuwa zito. Nilikanyaga mafuta, gari likaenda shingo upande. Kila tulipofika mlimani nililazimika kurudi gia ya chini, na kulikuwa na harufu ya kitu kilichopata moto. Shangazi, ambaye tangu Kibwezi hakuwa amesema mengi, aliniambia, "Mwanangu, gari lako limechoka kama mimi." Tulifika Kitui daktari amekwisha kuondoka, na miadi mingine ikawa ya baada ya wiki tatu. Kwa mtu mwenye shinikizo la damu, wiki tatu si kitu cha kuchezewa.

Nililipeleka gari kwenye gereji moja ambayo sitaitaja jina. Vijana walinipokea kwa adabu wakaniuliza lina nini. Nikajibu kwa maneno matatu: "Gari halina nguvu." Hawakuuliza lingine. Walichomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na kompyuta haikuonyesha kosa lolote. Kwa hiyo wakabadilisha plagi na koili. Gari likabaki vilevile. Nikarudi; wakabadilisha pampu ya mafuta. Gari likabaki vilevile. Niliporudi mara ya tatu, niliambiwa kwamba gia boksi imekwisha na kwamba ingefaa nitafute nyingine iliyotumika kutoka Japani. Bei niliyotajiwa ilinifanya nikae chini.

Kabla sijaitafuta fedha hiyo, nilikuwa na shughuli mjini Wote, na mwenyeji wangu, mwalimu wa shule ya upili, akanishauri nimwone fundi mmoja mzee anayefanya kazi chini ya mti. Mzee huyo hakufungua boneti. Alijifuta mikono, akaegemea gari, akaniambia: "Mwalimu, nimesikia kwamba halina nguvu. Sasa niambie. Injini inanguruma na gari haliendi? Au injini yenyewe inakataa kunguruma? Au injini iko sawa, ila unahisi kama kuna mtu amelishika gari kwa nyuma?"

Nilibaki nimeduwaa. Mimi niliyeandika tasnifu nzima kuhusu maana za maneno nilikuwa nimetumia neno moja, nguvu, kuficha magonjwa matatu yasiyo na undugu. Hebu tuyatazame moja moja, kwa kuwa tofauti zake ndizo kiini cha makala haya.

Injini ikikataa kunguruma, yaani ukikanyaga mafuta na mizunguko yake isipande, basi nguvu haizaliwi. Hapo ndipo pa kutafuta chujio la hewa lililoziba kwa vumbi letu jekundu, chujio la mafuta lililojaa uchafu, pampu dhaifu, plagi zilizochoka, au sailensa iliyoziba kwa ndani hata moshi ukakosa pa kutokea. Hata hivyo si kila upungufu wa nguvu ni ubovu. Hewa hupungua uzito kadiri tunavyopanda, na injini isiyo na taboni ya kusukuma hewa hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Kaunti ya Makueni huanzia kama mita 600 juu ya usawa wa bahari katika nyanda za chini na kufika karibu mita 1,900 kwenye milima ya Mbooni. Gari zima kabisa litakalopanda kutoka bondeni hadi huko litakuwa limeacha njiani zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, na hakuna spea ya kuzirudisha.

Injini ikinguruma na gari lisiende, basi nguvu imezaliwa lakini inapotea njiani. Klachi inateleza, au mafuta ya gia boksi ya otomatiki yamepungua au kuungua, au shafti imekatika mahali fulani kati ya gia boksi na gurudumu. Kwenye gari la magurudumu manne njia hii ni ndefu kuliko ya gari la kawaida: kutoka gia boksi nguvu hugawanywa mbele na nyuma, ikafuata propela hadi kwenye difu ya nyuma, kisha ikagawanywa tena kulia na kushoto. Kila kiungo ni mahali pa kupotezea.

Injini ikiwa sawa na gari likawa zito kana kwamba limeshikwa, basi nguvu imezaliwa, imefika, lakini kuna kitu kinachopingana nayo. Huenda breki zimeng'ang'ania. Huenda beringi imekwisha. Na kwenye gari la magurudumu manne, huenda magurudumu ya mbele na ya nyuma yanagombana yenyewe kwa yenyewe.

"Kama limeshikwa," nilimjibu mzee. Akaendelea kuuliza. Je, huanza likiwa baridi au likishapata moto? Likishapata moto. Kwenye lami au kwenye mchanga? Nilifikiri kidogo, nikatambua kwamba kwenye mchanga na changarawe sijawahi kulihisi. Ni kwenye lami tu. Nikikata kona kali linafanya nini? Linatetemeka na kubana. Ndipo akauliza swali ambalo katika siku zote tatu za gereji hakuna aliyeliuliza: "Ulibadilisha tairi lini?"

Nilikuwa nimenunua tairi mbili mpya miezi miwili kabla, nikazifunga nyuma. Za mbele nilizihurumia kwa kuwa zilikuwa na uhai bado, na pia kwa kuwa mshahara wa mwalimu unajulikana.

Mzee alinituma nikaliendeshe gari kwa muda. Niliporudi, alisogeza kiganja karibu na kila rimu. Zote zilikuwa na joto linalolingana, kwa hiyo breki zikaondolewa lawama. Kisha akaniambia nikate usukani hadi mwisho na kuliachilia gari lijivute lenyewe polepole pale uwanjani, bila kukanyaga mafuta. Gari lilikwenda hatua chache, likajikaza, likasimama. Mwisho akachukua kamba ya katani, akaizungusha kwenye tairi ya nyuma, akaifunga fundo, kisha akaizungusha hiyo hiyo kwenye tairi ya mbele. Kamba ilizidi kwa upana wa vidole viwili hivi.

Walimu wa hesabu na fizikia wanaosoma makala haya wanaweza kulichukua jambo hili hadi ubaoni. Tuseme tairi mpya ina meno ya milimita 8, nayo iliyochakaa imebakiwa na milimita 3. Nusu-kipenyo kimepungua kwa milimita 5. Mzingo, kwa hiyo, umepungua kwa milimita 31. Tairi yenye mzingo wa mita 2 huzunguka mara 500 katika kilomita moja. Ile iliyochakaa hulazimika kuzunguka mara 508. Kwa safari ya kilomita 100, magurudumu ya mbele yatakuwa yamezunguka karibu mara 800 zaidi ya yale ya nyuma. Wako watengenezaji wa magari ya aina hii wanaoonya kwamba tofauti ya mzingo isizidi takriban milimita 6. Yangu ilikuwa mara tano ya hiyo.

Mizunguko hiyo ya ziada inakwenda wapi? Katika magari mengi ya aina hii, kati ya mbele na nyuma kuna kiungo chenye mafuta mazito ya silikoni. Pande mbili zikitofautiana mwendo kidogo, kama zinavyofanya kwenye kona, kiungo huziruhusu. Zikitofautiana sana, kama gurudumu linapozama mchangani, mafuta hayo hupata moto, hukaza, na kuufunga upande mmoja na mwingine pamoja ili gari lijinasue. Kiungo changu kilikuwa kikiambiwa, kilomita baada ya kilomita, kwamba gari limezama. Nacho, kwa utiifu, kikafunga. Kwenye mchanga tairi huteleza kidogo na ugomvi ukaisha. Lami haitoi nafasi hiyo. Ndiyo sababu ubovu ambao ungejificha katika barabara ya zamani ya vumbi ulifichuka kwenye lami mpya.

Nilimuuliza mzee alijifunzia wapi mambo haya, kwa kuwa aliniambia hakuwahi kusomea magari ya kisasa. Alicheka. Ujanani alitengeneza Land Rover, na kila dereva wa enzi hizo, alisema, alionywa atoe magurudumu manne mara tu afikapo kwenye lami, la sivyo gari lingejikaza na kuvunja gia. Mzee hakuwa na kompyuta. Alikuwa na kanuni moja aliyoielewa sawasawa, na maswali yaliyopangwa kwa utaratibu.

Sitaki kueleweka vibaya. Siilaumu mashine ya kusoma kompyuta. Mashine hiyo ni msaada mkubwa kwa anayejua kuiuliza. Lakini hata inapotoa namba ya kosa, haimtaji mkosaji. Ikisema kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, huenda bomba la hewa limepasuka, huenda pampu ya mafuta imechoka, huenda sensa ya hewa imechafuka. Namba ni mwanzo wa mahojiano. Kwangu mimi ilinyamaza kwa sababu hakuna sensa inayopima meno ya tairi, na vijana wale wakauchukua ukimya wake kuwa ruhusa ya kubahatisha kwa fedha zangu.

Vijana wale, hata hivyo, si wajinga wala si wezi. Nilizungumza nao baadaye. Mmoja ana cheti cha chuo cha ufundi. Alinieleza difu kwa ufasaha, kwa Kiingereza, neno kwa neno kama ilivyo kitabuni. Nilipomwomba anieleze kwa Kiswahili, au hata kwa Kikamba, kwa nini tairi zisizolingana zinaweza kulifanya gari kuwa zito, alikwama. Alikuwa amekariri ufafanuzi ambao hakuwahi kuutumia kufikiri. Kumbe siku nzima gerejini anafikiri kwa Kiswahili: gari halivuti, injini inamisi, klachi inateleza, tairi inabana. Huo ni msamiati hai, wenye mantiki, unaotenganisha ubovu na ubovu. Lakini hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia kwamba maneno hayo ni elimu. Aliyaacha mlangoni alipoingia darasani, na aliporudi gerejini akaacha darasani yale ya kitabuni.

Hapa ndipo penye ufa. Tuna lugha ya mtihani na lugha ya kazi, na baina yao hakuna daraja. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Istilahi nazo hatuanzi na sifuri: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Sisi wanaisimu, lakini, tumekuwa hodari wa kubuni maneno ofisini na wavivu wa kwenda kuyasikiliza yanakotumika. Nakiri kosa langu. Kabla ya siku ile sikuwahi kwenda gerejini na daftari.

Wako watakaopinga. Watasema kwamba vitabu vya mitambo vimeandikwa kwa Kiingereza, kwamba spea zina majina ya Kiingereza, na kwamba kumfunza kijana ufundi kwa Kiswahili ni kumfungia milango ya dunia. Hoja hii ina uzito. Fundi asiyeweza kusoma mwongozo wa mtengenezaji yuko hasarani, nami sipendekezi Kiingereza kiondolewe. Ninachosema ni kwamba kusoma mwongozo na kuelewa ubovu ni kazi mbili. Mwongozo hukuambia kila kipande kinafaa kuwaje. Hauwezi kumhoji mteja aliyekuja Wote au Mutomo akisema kwa maneno matatu kwamba gari halina nguvu. Kazi hiyo hufanywa kwa lugha ya mteja, na kama fundi hakufunzwa kuifanya kwa lugha hiyo, atabadilisha vipande hadi mteja aishiwe.

Basi tufanyeje? Mosi, Jedwali la Nne la Katiba limeviweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti. Kwa hiyo Kitui na Makueni hazihitaji kungoja amri kutoka Nairobi ili kuwaruhusu wakufunzi wafundishe somo la kuchunguza ubovu kwa Kiswahili, sambamba na Kiingereza, na kuwatahini wanafunzi kwa mazungumzo ya ana kwa ana mbele ya gari bovu. Mpeni mwanafunzi mteja, si karatasi tu. Mwacheni aulize. Alama zitolewe kwa maswali yake kabla hajashika spana.

Pili, idara za Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu ziwatume wanafunzi wa isimu gerejini, kwa washona viatu, kwa mafundi wa pampu za maji, wakakusanye maneno jinsi yalivyo, pamoja na maana zake kamili. Tasnifu moja juu ya vitenzi vya fundi wa gari ingetufaa kuliko tasnifu nyingine kumi juu ya riwaya zile zile.

Tatu, na hili ni letu walimu sote. Masomo ya utangulizi wa ufundi yamo katika mtaala wa umilisi wa shule za sekondari msingi. Mwalimu wa somo hilo na mwalimu wa Kiswahili waketi pamoja. Badala ya insha ya kila mwaka kuhusu siku nisiyoisahau, mwanafunzi apewe taa isiyowaka, baiskeli inayoruka mnyororo, au jiko linalofuka moshi, aandike: kinatokea nini, kinatokea lini, hakitokei lini, na ni jambo gani lililobadilika kabla ya tatizo kuanza. Maswali hayo manne ndiyo aliyoniuliza mzee chini ya mti. Ndiyo pia anayouliza daktari mwema, na ndiyo ambayo raia makini huwauliza viongozi wake. Mtoto aliyeyazoea darasani hatadanganywa kirahisi, gerejini au kwingineko.

Nasi wateja tuache kulaumu tu. Kosa la kwanza katika kisa hiki lilikuwa langu: nilifunga tairi mbili kwenye gari linalotaka nne zinazolingana, kisha nikaeleza ugonjwa kwa maneno matatu, mimi mwalimu wa lugha. Nilinunua tairi mbili nyingine za aina na kipimo kile kile. Mzee akamwaga mafuta ya gia boksi na ya difu akatia mapya, akanionya kwamba kama gari lingeendelea kubana, kiungo chenyewe kingekuwa kimeharibika na kingehitaji kubadilishwa. Nilikuwa na bahati, halikubana tena. Plagi, koili na pampu nilizozilipia bure zingali humo ndani, mpya kabisa, zikinikumbusha.

Wiki tatu zilipotimia nilimchukua tena shangazi kutoka Kibwezi. Tulipita Ikutha, tukapita Mutomo, tukafika Kitui kabla ya daktari mwenyewe kufika. Shangazi aliingia kwa daktari, nami nikamsikia akianza kueleza: kichwa kinamuuma asubuhi na si jioni, akiinama na si akilala, tangu alipobadilishiwa dawa. Daktari aliweka kalamu chini, akamsikiliza.